Shoga, mwezi wa nane twende Luxembourg

Shoga angu Mama Salma,

Habari za Rotterdam, na mgongo wa shemeji unaendeleaje? Sisi huku Köln wazima, baridi ndo inaanza kuachia kidogo, watoto wamenikalia kooni na hii likizo, kila siku "mama mmeshaamua?", sa nimeona nikuandikie kabisa maana kwenye simu tukianza tunaishia kwenye umbea na hakuna la maana linalopangwa.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mpaka mwisho. Shemeji anasema Luxembourg ni mabenki na wazee wa Umoja wa Ulaya, hakuna cha kumwonesha mtoto, bora twende Paris. Mwambie hiyo anayoijua yeye ni Kirchberg, ule upande wa maofisi ya vioo, na huko wala hatuna shughuli.

We fikiria kundi letu lenyewe lilivyo. Mama anakuja toka Tanga na magoti yake unayajua, Salma keshakuwa mdada hataki kuonekana anatembea na wazazi, mapacha wangu wakikaa chini dakika mbili basi wanaumwa, na waume zetu wakipata kiti na kahawa hawanyanyuki. Kundi hilo ulipeleke Paris ukatembee nalo kwa miguu? Watu watanuniana siku ya pili. Luxembourg nchi nzima basi, treni na tramu ni bure tangu mwaka 2020, bure kweli si bure ya ujanja, mwenyeji halipi mgeni halipi, hakuna kadi ya kugusisha wala kujisajili popote, unapanda unakaa. Ukitaka daraja la kwanza kwenye treni ndo unalipa, na sisi daraja la kwanza la nini. Maana yake mama akichoka saa saba mchana mmoja wetu anapanda nae basi wanarudi nyumbani wakalale, wengine tunaendelea, Salma nae akitaka kupotea na simu yake apotee tutakutana jioni, na hakuna wa kupiga hesabu za nauli. Halafu nchi yenyewe kilomita za mraba 2,586, jumlisha Unguja na Pemba ndo kama hapo hapo, hata ukikosea basi hufiki mbali.

Ila kulala tusilale mjini. Hoteli za pale katikati ya wiki zinajaa watu wa mikutano na bei zake ni za kulipiwa na ofisi, sio za kutoka mfukoni kwako, wikiendi ndo zinashuka kidogo. Mi naona tukae Echternach, kamji kadogo mpakani na Ujerumani, ukivuka daraja la mto Sûre ushaingia kwetu. Treni haifiki huko ni basi tu, lakini yapo. Ni mji wa zamani, abasia yake, yaani nyumba ya watawa, ilianzishwa mwaka 698 na Willibrord, yule yule askofu wenu wa Utrecht huko Uholanzi, kaburi lake liko pale kanisani, hiyo mpe shemeji maana anapenda historia. Kuna ziwa la kuchimbwa, njia yake ni tambarare mama anazunguka taratibu na fimbo yake, na walipokuwa wanalichimba miaka ya sabini wakakuta jumba la Warumi chini, misingi yake ipo hadi leo unaingia kuona. Na nyuma ya mji tu ndo inaanza ile misitu ya Mullerthal, miamba imepasuka mikubwa mikubwa, unapita katikati umejibana, kuna sehemu giza mpaka uwashe tochi. Watoto wakiingia humo hutawasikia wakiulizia tableti. Wewe na mimi tutawafata nyuma tunahema, waume wabaki na mama ziwani. Viatu lete vya kushika, sio vile vyako vyeupe, mvua ikinyesha yale mawe yanateleza balaa.

Siku moja twende Vianden. Ngome ipo juu kabisa ya kilima na stori yake mi inanichekesha, mwaka 1820 mfalme wenu wa Uholanzi Willem wa Kwanza aliiuza kwa mfanyabiashara, yule bwana akaanza kuibomoa anauza kipande kipande, mpaka vigae vya paa, ikabaki gofu watu wanakuja kulichora. Serikali ya Luxembourg imekuja kuikabidhiwa mwaka 1977 ndo wakaijenga upya, sa hivi ukiiona huwezi amini. Kupanda kuna kile kiti cha kuning'inia kwenye waya kinakupeleka juu ya mto mpaka mlimani, nchi nzima kiko kimoja tu. Mama hapandi kile, hata usijaribu kumshawishi, atakusomea dua ya safari halafu akwambie nendeni nyie. Atakaa mgahawani pale chini mtoni na juisi yake. Kiti kinalipiwa na ngome inalipiwa, hivo hela tunazookoa kwenye nauli ndo ziende huko.

Mji mkuu nao tuupe siku moja, mbili zikizidi. Mahandaki ya Bock lazima, yamechimbwa ndani ya mwamba enzi mji wenyewe ulikuwa ngome, zilikuwa kilomita 23 na zimebaki 17 baada ya mataifa kukubaliana mwaka 1867 kuwa ngome ivunjwe, na vita vya dunia watu walikuwa wanajificha humo kwa maelfu. Ila ni ngazi za kuzunguka nyembamba, gari la mtoto halipiti na mama asiingie. Yeye tumpeleke kwenye lifti ya kioo ya Pfaffenthal, inashuka mita 71 toka mjini mpaka bondeni, nayo bure, halafu huko chini kuna kale katreni ka kupanda mlima, bure tena, kanakutoa mpaka juu kwenye tramu. Mapacha wangu hayo tu yanawatosha kutwa nzima, juu chini juu chini, na sisi hatujatoa hata senti.

Na Schengen! Mama ameshinda mwaka mzima anafukuzia karatasi za hiyo visa, euro 90, bima ya euro elfu 30, barua ya mwaliko, picha, benki, mpaka akaniambia hiyo Schengen ni nani huyo anayesumbua watu hivi. Sa nataka nimpeleke akamwone. Ni kijiji tu cha mashamba ya zabibu kando ya mto Moselle, ng'ambo ya mto Ujerumani na hatua chache Ufaransa, tarehe 14 Juni 1985 nchi tano zilisaini mkataba wa kufungua mipaka ndani ya meli ya kitalii hapo mtoni, na meli yenyewe wameirudisha mwaka 2025 imetia nanga pale pale. Lazima apige picha kashika pasipoti. Jirani yake Remerschen kuna maziwa ya kuogelea, hivo watoto hawatalalamika kuwa tumewapeleka kuangalia mkataba.

Tukiwa kwenye habari hizo hizo, kila mtu atembee na pasipoti na kadi ya ukaazi, watoto pia. Usinitajie mipaka iko wazi, tangu 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi na polisi wanaingia mpaka ndani ya treni, na kwenye behewa zima unajua wanaanza na akina nani.

Nyie kwa gari ni rahisi kuliko sisi. Ile barabara ya E25 inaanzia Hoek van Holland hapo hapo kwenu, Eindhoven, Maastricht, Liège, unapanda milima ya Ardennes unatokea Luxembourg, barabara ni hiyo hiyo moja. Mafuta msijaze Ubelgiji, vumilieni mpaka mvuke mpaka, bei ya juu inapangwa na serikali kwa hiyo vituo vyote karibu sawa na ni nafuu kuliko kwetu na kwenu. Sisi tutakuja na treni ya Koblenz na Trier, tushuke Wasserbillig tuchukue basi.

Chakula tutapika wenyewe, kwa hiyo nyumba iwe na jiko la maana. Nyama ya halali ntabeba huku Köln kwenye boksi la baridi, mchele na viungo juu yangu, sufuria kubwa ni lako. Vya kule nje watoto watapenda gromperekichelcher, ni kama kachori za viazi zimekaangwa na kitunguu zinaliwa na mchuzi wa tofaa, ila uliza kwanza mafuta yamekaangia nini, maana wenyewe chakula chao cha taifa ni nguruwe wa moshi na maharage mapana.

Kilichobaki ni tarehe. Mi napenda wiki ya pili ya mwezi wa nane, ila tarehe 15 ni sikukuu kule maduka mengi yanafungwa, tununue vitu siku moja kabla. Salma kama anataka bembea kubwa na vurugu basi tusogeze mpaka mwisho wa mwezi, ndo inaanza Schueberfouer, maonesho yao yapo tangu 1340 na yanajaza kiwanja kizima mjini, ila sijui shule zenu zitakuwa zishafunguliwa.

Kuna nyumba nimeiona Echternach ina vyumba vinne na kimoja kiko chini, mama hapandi ngazi, mwenye nyumba amekubali kunishikilia mpaka Jumapili bila kulipa. Sa ongea na shemeji usiku huu, unipe jibu ni wiki ipi na kama gari lenu lina nafasi ya kiti kimoja cha mtoto. Hilo la Paris kama bado analing'ang'ania mpe simu niongee nae mwenyewe.

Wako,
Mama Mapacha