Risala ya Walezi wa Picha ya Mkonge kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa kijiji, viongozi wa dini, wazee wetu, walimu na wanafunzi, ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama. Tunakushukuru na wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja mwenyewe. Kwetu hilo si jambo dogo, kwani tumezoea kupokea wawakilishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu kwa ufupi ni hii. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miche iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ilipofika 1964 nchi yetu ilikuwa ikizalisha tani zipatazo 230,000 kwa mwaka, na duniani hakuna aliyetuzidi. Kazi hiyo ilifanywa na manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliotoka Songea, Njombe, Kigoma na hata Msumbiji, na wengi tuliokaa hapa ni wajukuu wao. Picha iliyo nyuma yako ilichorwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mtunza stoo wa shamba, ambaye ujana wake aliumalizia korona, kwenye mashine ya kuchakata majani ya mkonge, miaka ya 1950. Alichora aliyoyaona. Shamba lilipofungwa, ofisi zilibomoka, ukumbi ukabaki na picha ikabaki. Ndipo kikundi chetu kikaundwa kuilea.

Tangu hapo tumepata mafanikio makubwa. Tumezungushia picha kamba ya mkonge ili watoto wasiiguse, tumenunua kabati la kumbukumbu lenye kufuli, na wanafunzi huletwa hapa kusoma somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Tunathubutu kusema kwamba katika ulinzi wa urithi kikundi hiki ni mfano wa kuigwa nchi nzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na mafanikio hayo tunayo changamoto moja. Zipo nyingine, lakini leo tumekubaliana tuseme hii peke yake. Paa linavuja, na maji yanaila picha.

Tunaomba ugeuke uitazame. Kushoto ni wakataji, wamejifunga magunia miguuni kujikinga na miiba, na mmoja anafunga mzigo wa majani 30. Katikati ni korona yenyewe, majani yanaingia upande huu na singa, yaani nyuzi za mkonge, zinatoka upande ule huku maji yakimwagika. Kulia akina mama wanaanika singa kwenye nyaya. Chini yao ameketi nyapara na kalamu, na mbele yake ni foleni ya watu wenye vipande, yaani kadi zao za kazi, mikononi. Kila siku ya kazi ilitiwa alama moja, na mshahara ulilipwa alama zikitimia 30. Aliyeugua, au aliyeshindwa kumaliza kazi aliyopimiwa, siku yake haikuhesabiwa. Ukisogea karibu sana utaona kwamba mchoraji alizitia alama moja moja kwenye kipande cha kijana wa mwisho. Zihesabu, Mheshimiwa. Ziko 29. Hakuna kitabu cha shule kilichowahi kuwaeleza watoto wetu maisha ya babu zao vizuri kuliko hapo.

Sasa tazama ule mchirizi wa kahawia unaoshuka kutoka darini. Uso wa nyapara umeshakwenda. Mikono ya mama mmoja imeshakwenda. Ncha ya mchirizi imebakiza upana wa kiganja kufikia kile kipande.

Picha hii imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya hadibodi, na hadibodi ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Ikinywa maji inavimba, jua likiwaka inasinyaa. Rangi iliyozeeka haiwezi kufuata mwendo huo, hivyo inapasuka na kubanduka, kisha ukungu unaingia kwenye nyufa. Vipande vya rangi vinavyodondoka tunaviokota kwa karatasi, tunavitia kwenye bahasha na kuandika vimetoka sehemu gani, ili siku mtaalamu akija avikute. Tumekatazana kuipangusa kwa kitambaa chenye maji. Tumemzuia pia kijana mmoja mwema aliyetaka kuipaka vanishi, kwa kuwa vanishi juu ya ubao wenye unyevu hufungia unyevu ndani. Kuihamisha hatuwezi. Mbao zake zimelainika kingo, na fundi wa kawaida akizing'oa ukutani zitamkatikia mikononi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hii si risala ya kwanza kusomwa chini ya paa hili. Mgeni rasmi mmoja alituahidi mabati, tukashangilia, na kesho yake tukapanda kupima paa. Mwingine aliahidi mtaalamu, akaipiga picha kwa simu yake na kusema tusubiri majibu. Mwingine alituletea jezi. Tulizipokea kwa shukrani na vijana wanazivaa, ila tulichokuwa tumeomba ni bati.

Hatuyasemi haya kumlaumu mtu. Tunayasema kwa sababu ahadi isiyotimizwa ina gharama, na gharama hiyo tunailipa sisi. Tulikwisha kuanza kuchangishana tununue maturubai. Ahadi ya mabati ilipotangazwa, michango ikakoma, kwani nani atachangia turubai ilhali bati liko njiani? Masika ya mwaka ule ndiyo yaliyouchukua uso wa nyapara.

Kwa heshima kubwa tunaomba mabati 60 ya geji 28, pamoja na mbao za kubadilisha kenchi zilizoliwa na mchwa upande wa picha. Mafundi tunao, chakula chao tutapika, na ngazi tutaazima. Tunaomba vifaa vifike kabla ya vuli, kwa kuwa picha haiwezi kuvumilia mvua nyingine. Pia tunaomba barua yako kwenda Makumbusho ya Taifa, ili tupate mtaalamu wa kuhifadhi picha. Barua kama hiyo tumeshaiandika sisi wenyewe, na tunaamini yenye saini yako itasomwa.

La mwisho, Mheshimiwa. Ikiwa mabati hayo hayamo katika uwezo wako mwaka huu, tunakuomba utuambie leo, hapa hapa, mbele ya wananchi. Hatutanung'unika na hatutakuvunjia heshima. Mweka hazina amekuja na daftari la michango, na jibu lolote utakalotoa ndilo litakalomwambia kama alifungue jioni hii au la.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi