Mikono ya sweta isiyolingana: lawama si ya uzi

Mhariri,

Baridi ya Juni ikiingia hapa Moshi, masweta ya shule yaliyofumwa kwa mkono huanza kurudishwa kwa wafumaji: mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Uzi ndio husingiziwa. Mara nyingi mkosaji ni futi ya kupimia urefu. Kazi inayoning'inia kwenye sindano huvutika kwa uzito wake, ukiilaza mezani inarudi kuwa fupi. Idadi ya mistari ya vitanzi haivutiki, basi hesabu mistari badala ya kupima.

Fuma kwanza kipande cha majaribio cha sentimita 12 kwa 12, uhesabu mistari iliyomo kwenye sentimita 10 za katikati. Uzi wa unene wa kati kwa sindano za milimita 4 hutoa kama mistari 28. Mkono wa sentimita 30 basi ni mistari 84, na ukiruka sita tu umepunja sentimita mbili na ushei.

Wapo wanaochora vijiti kwenye daftari, wapo wanaohamisha punje za maharage toka bakuli hili kwenda lile (mpaka mtoto apite). Daftari nalo lina mtego wake: ukiitwa mlangoni, ukirudi hujui kijiti ulikichora kabla ya mstari au baada. Chora baada, siku zote. Bora zaidi ni uzi mwembamba wa rangi nyingine, unaolazwa katikati ya vitanzi viwili: mistari 10 ukae mbele, 10 inayofuata uupeleke nyuma. Hesabu inabaki ndani ya sweta lenyewe hata likikunjwa kwenye mfuko ndani ya daladala. Kazi ikiisha, unauvuta unatoka.

Kama hukuweka alama, soma kitambaa. Upande laini, ukihesabu kwenda juu, kila V ni mstari mmoja. Vitanzi vilivyo kwenye sindano navyo hesabu kama mstari mmoja, mstari wa kuanzishia acha. Kwenye ufumaji wa matuta pande zote mbili, tuta moja ni mistari miwili. Anayeanza huhesabu tuta kama mstari, akaishia na mkono mrefu maradufu. Uzi wa bluu iliyokoza unasumbua macho: tandika kitambaa cheupe magotini, uitanue kazi kidogo kwa upana, mchana.

Kwenye kupanua mkono, ukiongeza kitanzi kimoja kila upande kila mstari wa 6, kutoka vitanzi 40 hadi 60 ni mara 10, yaani mistari 60. Bana pini kila unapoongeza. Angalia pia mkia wa uzi wa mwanzo: upande ulipokuwa ulipoanza mstari wa kwanza, ndipo utakapokuwa kila unapoanza mstari wa namba witiri.

Asiyetaka hesabu zote hizo afume mikono miwili pamoja kwenye sindano moja ndefu, kila mmoja na donge lake la uzi. Ila mikono hiyo isigawanywe kwa wafumaji wawili. Mmoja hukaza, mwenzake hulegeza, na mistari 84 ya huyu haitalingana kwa urefu na 84 ya yule.

Mfumaji,
Moshi