Niandike ngapi?

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Msomi mwenzangu Rehema,

Hujambo mama? Watoto hawajambo? Sisi wazima, na mama kapata miwani mipya, sasa hata vumbi la juu ya kabati analiona. Najua nimekuwa kimya tangu ule msiba wa kina Fatuma. Utanisema tukionana, leo nina shida.

Ile kampuni niliyokudokeza, inayotafuta mwanasheria wake wa ndani, wameniita. Usaili umepita salama, na Ijumaa dada wa rasilimali watu kanitumia fomu. Nimejaza kila kitu mpaka shule ya msingi, nimekwama sehemu mbili: "mshahara wa sasa" na "mshahara unaotarajia". Na niambatanishe slipu za mshahara za miezi mitatu.

Sasa slipu yangu itawaambia nini? Ofisi ya uwakili ya Mzee unaijua, umekaa pale kabla yangu. Mshahara wa kwenye karatasi ni wa kumwonyesha mwenye nyumba tu. Tunakula asilimia ya wateja tuliowaleta wenyewe, na mihuri ya kushuhudia mikataba. Juzi tu kaja mama anauza kiwanja cha Kigamboni, kaongozana na ukoo mzima, wamepanda ngazi mpaka ghorofa ya nne wanahema, lifti yetu unaijua. Hajui kusoma, nikamsomea mkataba wote kwa sauti, kila kifungu anaitikia kwa kichwa, tulipofika kwenye bei akasema rudia hapo. Akaweka dole gumba, nikagonga mhuri, nikalipwa, na wiki ikaenda. Hiyo haimo kwenye slipu! Nikiajiriwa kule mhuri unaingia kabatini, kazi za pembeni hawataki. Wakichukua slipu wakaongeza 20% wakaona wamenitendea wema, mimi nimeshuka.

Na kuwadanganya siwezi, maana hao hao ndio watakaonikabidhi mikataba yao.

Nimepiga hesabu. Tuseme wanipe milioni 3 kwa mwezi. NSSF wa pensheni wanachukua 10%, yaani 300,000. Inabaki 2,700,000 ya kukatwa kodi: 128,000 kwa milioni 1 ya kwanza, halafu 30% ya kila kinachozidi milioni 1, jumla 638,000. Bado Bodi ya Mikopo, deni la chuo, na 15% yao, 450,000, wale hawamsahau mtu. Mkononi 1,612,000. Baba Jonathan alivyosikia milioni 3 akaanza kuulizia bei za magari. Nikamwonyesha mstari wa mwisho, akarudi kwenye mpira wake.

Joshua (unamjua) anasema niombe mshahara wa msingi uwe mdogo na posho ziwe nene, kwa kuwa Bodi wanakata kwenye msingi. Sawa, lakini Sheria ya Ajira ya 2004 kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka. Leo napona, siku ya kuachana nalia. Na kodi posho haiziachi.

Nirudi kwenye fomu. Nafikiria niandike mshahara na mapato ya uwakili kwa mistari miwili, kisha niseme wazi kwamba hayo ya pili nayaacha kwa ajili yao. Joshua kaniuliza kama TRA, watu wa kodi, nao wanayajua hayo mapato. Nikamwambia atafute kazi ya kufanya. Yangu nayatolea ritani, ya kwake sijui.

Au niache wazi, wao ndio waseme kwanza? Naogopa wataona najivuna. Ila kazi yenyewe naitaka, Rehema, sikufichi. Kukimbia mahakamani Kisutu asubuhi ukaambiwa kesi imeahirishwa nimechoka.

Wewe ulipoingia benki uliandikaje? Slipu waliidai kweli, au ukikausha wanasahau? Leseni ya uwakili na ada ya TLS, chama chetu cha mawakili, wanakulipia wao? Bima inamchukua na mama, au ni mume na watoto tu? Bonasi imo ndani ya mkataba au yalikuwa maneno ya kwenye usaili? Muda wa matazamio walikulipa kamili? Na usinione sina adabu, ulianza na ngapi? Sitamwambia mtu, Joshua ndiyo kabisa.

Fomu inatakiwa Jumanne saa kumi jioni. Nipigie kesho usiku watoto wakishalala, hata saa tano nitakuwa macho.

Wako,
Neema