Barua kwa swahiba wangu wa Kondoa

Hombolo, Dodoma

Swahiba wangu,

Salaam aleikum. Huku hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza kama shemeji ameshajifungua. Tumeanza kuvuna wiki iliyopita, vidole vyangu vinanata zabibu tangu asubuhi, kwa hiyo doa utakaloliona pembeni ya karatasi ni la shambani.

Nakuandikia kwa ajili ya siku ile chini ya mbuyu. Nilikupigia kelele kama niko kwenye mhadhara: Yesu alidai uungu, basi ama ni mwongo, ama mwendawazimu, ama kweli ni Bwana, chagua! Ukanyamaza. Ukachukua kopo la maji ukaenda kutawadha, na mimi nikahesabu nimeshinda.

Sikushinda, swahiba. Hoja ile naifuta, na nakuomba radhi kwa namna nilivyoisema mbele ya vijana.

Si hoja yangu. Ilikuwepo tangu karne ya 19, ila aliyeieneza sana ni mwandishi Mkristo C. S. Lewis, alipokuwa akizungumza kwenye redio ya BBC wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Utamu wake ni kwamba inakubana kwenye kona. Lakini wewe hukuwahi kusema Isa alikuwa mwongo wala kichaa. Unasema hakudai. Katika Sura ya Maida, Mungu anamwuliza kama aliwaambia watu wamfanye yeye na mama yake miungu, naye anakana. Hilo ndilo tunalobishania, na mimi nililiweka mwanzoni kabisa kana kwamba umeshanikubalia. Tena mtu mwenye akili zake timamu anaweza kukosea jambo kubwa bila kuwa mwongo.

Nikarudi kwenye Injili zenyewe. Neno zito kuliko yote, "Yeye Ibrahimu asijakuwako, mimi niko", liko kwa Yohana, ambaye wasomi wengi humweka wa mwisho kuandikwa kati ya wale wanne. Kwa Marko, anayehesabiwa wa kwanza, mambo yamechanganyika. Anamsamehe dhambi yule mwenye kupooza, na waandishi wananung'unika kwamba anayesamehe dhambi ni Mungu tu. Mbele kidogo anamwuliza yule tajiri kwa nini anamwita mwema, ilhali mwema ni Mungu peke yake.

Lakini mstari ulioninyima usingizi ni Marko 13:32. Anasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, si malaika, si hata Mwana, ila Baba. Upange uone: Mungu anajua yote, Mwana hajui saa, basi Mwana si Mungu. Nilitafuta pa kuchomokea. Kuna wanaosema alijua ila hakuwa na ruhusa ya kusema. Hilo silikubali: mtu anayejua akasema hajui amesema uongo, na hapo nimempokonya Yesu ukweli ili nimwachie uungu. Jibu lenye uzito zaidi linatokana na Mtaguso wa Kalkedoni, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451: Yesu ni nafsi moja yenye asili mbili, ya Mungu na ya binadamu, basi kwa asili ya kibinadamu hakujua. Jibu hili linazuia ule mpangilio usinifunge. Ila nakukiri wewe kabla ya mtu mwingine: anayejua au asiyejua jambo ni mtu mwenyewe, si asili yake. Nafsi moja inajuaje na isijue jambo lile lile? Mimi nalipokea kama fumbo, na najua siwezi kukudai wewe ulipokee.

Sasa nipe nafasi niseme kinachonishika. Katika barua kwa Wafilipi, iliyoandikwa miaka kama 30 tu baada ya msalaba, Paulo anasema kila goti litapigwa kwa jina la Yesu. Fungua Isaya 45:23: goti hilo hupigiwa Mungu, na ni Mungu huyo huyo anayesema hakuna mwingine. Paulo alikuwa Myahudi aliyefundishwa tangu utoto kwamba Bwana ni mmoja. Kitu gani kilimfanya mtu wa namna hiyo aandike hivyo, mapema kiasi hicho?

Najua utanijibu kwamba wafuasi hukuza haraka, na mfano upo. Haile Selassie alitawazwa mfalme wa Ethiopia mwaka 1930, na miaka michache tu baadaye kule Jamaika wakatokea watu waliomwita Mungu, naye akiwa bado hai, tena muumini wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia. Mfano huo unanipunguzia nguvu, sikatai. Ila wale walikuwa ng'ambo ya bahari. Paulo anawaambia Wagalatia kwamba alikaa kwa Kefa, yaani Petro, siku 15 na akamwona Yakobo, ndugu wa Bwana. Hao walimjua Yesu alivyokula, alivyochoka, alivyolala chomboni. Bado hilo linaonyesha walichoamini tu, na kutoka hapo hadi kwenye ukweli wenyewe naenda kwa imani. Ndipo niliposimama, na ningetaka unione hapo, si pale kwenye kelele.

Nina swali moja kwako, na naliuliza kwa kutaka kujua. Sura ya Nisaa, aya ya 171, inayowakataza watu kusema "watatu", hiyo hiyo inamwita Isa neno la Mungu na roho itokayo kwake. Shehe wenu hapo Kondoa analieleza vipi neno hilo? Nilishawahi kusikia kwamba ni kwa sababu aliumbwa kwa amri ya "Kuwa", lakini Adamu naye si aliumbwa hivyo hivyo? Niandikie kwa kirefu.

Ndoo ya zabibu nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Nimefunika kwa majani ya mzabibu na kufunga kwa kamba nyekundu. Ipokee siku hiyo hiyo, joto hili litaziharibu.

Swahiba wako wa Hombolo