Ofa za mafuta na gesi, msisaini kwanza

Jamani, wote mliopata zile barua za kampuni zinazotaka kukodisha haki ya kuchimba mafuta na gesi kwenye mashamba yenu hapa Texas, naomba msisaini kwanza. Ajenti anapiga simu kila siku eti ofa inaisha Ijumaa, hiyo ni presha tu ya biashara.

Najua wengi mnaangalia bonasi ya kila ekari maana ndo hela ya mkononi, ila mimi naona pa kukomalia ni mrabaha, yaani fungu lako la mauzo ya gesi na mafuta. Wanapenda kuanzia 1/8 wakati huku watu wanapata 1/5 mpaka 1/4. Piga hesabu, una ekari 10 kwenye yuniti (mashamba yaliyounganishwa kuchimbwa pamoja) ya ekari 640, ikiuzwa gesi ya dola 100,000 kwa 1/8 unapata kama dola 195, kwa 1/4 ni 390, na hapo hawajakata gharama za kusafirisha na kusafisha, kwa hiyo waandike kabisa kwenye mkataba kwamba hawakati.

Muda wa mkataba miaka 3 inatosha, wakitaka kuongeza 2 walipie tena. Na sehemu wasiyochimba waiachie, wasishikilie shamba lote kwa kisima kimoja.

Halafu pitieni kwa karani wa kaunti mhakikishe haki za chini, yaani za mafuta na gesi iliyo chini ya ardhi, ni zenu kweli, sio kama nyumbani madini ni ya serikali, huku unanunua shamba kumbe ya chini alishauza mtu zamani. Vibali vya kuchimba kwa majirani mnaviona bure kwenye ramani ya mtandaoni ya Railroad Commission, ile mamlaka ya Texas inayosimamia mafuta na gesi.

Nitumieni picha za barua inboksi, kurasa zote tafadhali, Jumamosi tunaongea na wakili.