Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Shingo za Punda Wetu

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama wa mikokoteni ya maji, na ninyi vijana mliotoka mbali kuja hapa Nachingwea: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na habari za ada nimemwachia katibu. Mimi mwaka huu nina jambo moja, nalo ni shingo ya punda. Naliweka mbele kwa sababu limenikuta mwenyewe.

Mwezi Novemba, korosho zimeshaanza kuteremka kwenda ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, nilimfunga punda wangu jike nira iliyochongwa kwa ajili ya ng'ombe. Magunia yalikuwa yanasubiri na nira ndiyo iliyokuwepo. Siku ya nne nilipoinyanyua, manyoya yalikuja na mti. Chini yake palikuwa na kidonda cha upana wa kiganja, chekundu katikati, kingo nyeusi, usaha ukitoka, na inzi wameshanitangulia. Nikapaka oili chafu kama nilivyoona ikipakwa tangu utotoni, nikakunja gunia juu yake, safari zikaendelea.

Wiki mbili hazijapita vizuri, asubuhi moja nikamkuta amesimama miguu imetanuka kama ya meza. Masikio wima, mkia umenyooka, shingo ngumu, pumba zimebaki mdomoni hawezi kuzitafuna. Mwanangu aliangusha ndoo, na mnyama akashtuka mwili mzima. Daktari wa mifugo alipomwinua kidevu, ile ngozi ya ndani ya jicho ikavuka juu ya mboni. Akasema ni pepopunda. Siku ya tatu tukamzika.

Ugonjwa huu tunautaja kila siku, wake zetu wanachanjwa kliniki wakiwa wajawazito, na mimi sikuwahi kujiuliza punda ameingiaje katika jina hilo. Daktari alinieleza kwamba farasi na punda ni katika wanyama wanaodhuriwa zaidi na sumu ya kijidudu cha ugonjwa huu. Kinaishi kwenye udongo na mavi. Kikiingia kwenye kidonda kichafu pasipopita hewa, hutoa sumu inayopanda kwa mishipa ya fahamu mpaka kwenye uti wa mgongo. Ile oili chafu yangu ilikizibia hewa tu. Kidonda huoshwa kwa maji safi yenye chumvi, huachwa wazi, na punda hupumzishwa mpaka kipone. Najua kumpumzisha punda msimu wa korosho ni kupoteza fedha. Mimi nimepoteza punda.

Sasa tutazame chanzo chenyewe, maana kidonda kilianzia kwenye nira. Ng'ombe wetu ana nundu. Nira hukaa mbele ya nundu, naye husukuma kwa nguvu zote bila kuumia sana. Punda hana nundu. Shingo yake ni nyembamba, imelala, na chini ya ngozi hakuna nyama nyingi ya kupokea mti. Ndani yake zimo pingili saba, idadi ileile ya shingo ya mtu na ya twiga, na katikati ya pingili hizo unapita uti unaopeleka habari kwenye miguu yote minne. Mzigo wa punda unapaswa kuvutwa kwa kifua. Mkanda wa kifuani uwe mpana, ukae chini ya koromeo na juu ya maungio ya mabega: ukipanda unamkaba, ukishuka unamzuia kutupa miguu. Na mzigo upangwe juu ya ekseli. Mkokoteni ulioelemea mbele humkandamiza mgongoni, ulioelemea nyuma humnyanyua kwa mkanda wa tumboni.

Mwaka huu mafundi wetu wawili, seremala na mshonaji, wameanza kutengeneza mikanda ya kifuani kwa turubai iliyojazwa sufi. Ya kwanza ilikatika mishono, ya pili imedumu. Sufi tunayo, misufi imejaa vijijini. Nawashukuru sana, na naomba msibishane nao bei.

Lipo jambo lililotusumbua mwezi Machi. Punda wa mwanachama mmoja alianza kuburuta kwato za nyuma na kuyumba akigeuka. Wengi tulisema shingo imevunjika, achinjwe. Hatukuwa wajinga kabisa: kwa farasi wachanga wanaokua haraka, pingili za shingo huweza kuubana uti, na miguu ya nyuma ndiyo hutangulia kuyumba. Daktari alimtembeza, akamvuta mkia upande huku anatembea. Punda mzima hukaza na kupinga; huyu alikwenda ulikovutwa. Akamshikia jani la muhindi usawa wa bega, kulia na kushoto, na shingo ikapinda bila shida. Ndipo akachukua damu ikapelekwa maabara ya mifugo Mtwara. Ikawa ni nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mbung'o wa maporini kwetu mnawajua. Ugonjwa huo kwa punda huweza kufika mpaka kwenye ubongo, na ile dawa ya ng'ombe tunayoizoea haifiki huko vizuri, tena punda haistahimili kama ng'ombe. Kwa hiyo acheni kupima dawa kwa macho. Punda yule yuko hai, ila hajarudi kwenye mzigo.

Na anayeyumba huku anatoka udenda, hawezi kumeza, au amekuwa mkali ghafla, msimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa. Huweza kuwa kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate penye mchubuko aoshe hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Wachache wenu mna punda wanono, shingo juu imevimba na kulala upande. Hayo ni mafuta, si nguvu. Yakishalala hayanyooki tena. Punguzeni pumba, lakini pole pole: punda mnene akikatishwa chakula ghafla, mafuta hujaa kwenye damu yake na humuua.

Kuhusu chanjo ya pepopunda, tunazungumza na daktari tupate kwa pamoja. Ni sindano mbili za mwanzo, wiki nne hadi sita kati yake, halafu za kurudia. Atakayejiandikisha ajue siku zote mbili atakuja. Moja peke yake haitoshi.

Nira zote za punda naomba ziletwe kwa fundi kabla msimu haujaanza. Yangu nimeshaipeleka, ameipasua, na mti wake umekuwa miguu ya kiti.

Naomba kuwasilisha.