Mtoto anayeangukaanguka aandikiwe kipimo cha mazoezi

Mhariri,

Mzazi anayetoka kliniki na ushauri wa "mwache acheze, atazoea" ametoka mikono mitupu. Sisi huwahudumia watoto wenye matatizo ya sikio la ndani, na msimamo wetu ni kwamba mazoezi ya nyumbani husaidia yakiwa na sekunde, mpangilio na mtu wa kuyasimamia.

Mwili hujua ulivyosimama kwa kutumia macho, nyayo na viungo, pamoja na mirija mitatu na vifuko viwili vilivyomo ndani ya kila sikio. Homa ya uti wa mgongo, dawa kama jentamaisini, au hitilafu ya kuzaliwa nayo ikiharibu sehemu hiyo, mtoto huegemea macho. Stima ikipotea jioni, yeye ndiye wa kwanza kujigonga mezani. Mdogo hatakwambia ana kizunguzungu. Atachelewa kukaa na kutembea, atakataa bembea, na darasani ataitwa mzembe. Mtoto asiyesikia vizuri naye apimwe usawa, yaani uwezo wa kusimama bila kuyumba, kwa kuwa kiungo cha kusikia na cha usawa vimepakana na hudhurika pamoja mara nyingi.

Zoezi la kwanza ni la macho. Chora herufi moja kwenye kipande cha manila, uibandike kwenye ukuta mtupu, mita moja kutoka kwa mtoto, sawa na macho yake. Akiwa ameketi, aikazie macho huku akigeuza kichwa kidogo kulia na kushoto kwa sekunde 20. Apumzike, kisha juu na chini sekunde 20. Mara tatu kwa siku, akipanda polepole hadi dakika moja. Asiyejua kusoma achorewe mnyama, na mnyama abadilishwe kila mara ili awe anatazama kweli. Tatizo kubwa hapa ni kasi. Akienda taratibu mno, macho huifuata herufi yenyewe bila msaada wa sikio, na zoezi halifanyi kazi. Akienda mbio, herufi inafifia. Kasi inayofaa ni ile ya mwisho kabla ya kufifia. Tazama mabega pia: watoto wengi hugeuza kiwiliwili kizima na kuacha shingo ikiwa imekakamaa.

La pili halihitaji nafasi kubwa, hata chumba kimoja kinatosha. Mtoto asimame peku, mgongo kwenye pembe ya kuta mbili bila kuzigusa, kiti kikiwa mbele yake. Aanze miguu ikiwa imeachana, macho wazi, sekunde 30. Akiweza, abane miguu. Halafu kisigino mbele ya vidole. Halafu mguu mmoja. Kufumba macho na kusimama juu ya blanketi lililokunjwa mara nne huja baadaye, tena kimoja kimoja. Ukibadilisha mawili kwa pamoja hutajua ni lipi lililomwangusha. Usimkimbize kwenye godoro nene: ataanguka kila mara na kujifunza kukushikilia. Mkono wako ukae karibu bila kumgusa. Hata ncha ya kidole huupa mwili habari ya kutosha kusimama, na hapo sikio halijazoezwa. Ili usidai kupita umri: wa miaka 3 huweza sekunde mbili tatu kwa mguu mmoja, wa miaka 5 hukaribia 10.

Kizunguzungu kidogo wakati wa zoezi kinatarajiwa, maana ndicho kinachoufundisha ubongo. Kipungue ndani ya dakika 20 hivi. Kikidumu saa nzima, kesho punguza muda nusu. Asifanye akiwa ameshiba. Na wale wanaowazungusha watoto kwenye viti vya ofisi waache. Kinachopatikana ni matapishi na mtoto anayechukia mazoezi.

Dawa za kutuliza kizunguzungu, mfano sinarizini, zikitumiwa wiki nyingi huchelewesha ubongo kuzoea. Muulize daktari ni lini zitakoma. Maji yaliyokwama nyuma ya ngoma ya sikio yatibiwe kabla ya zoezi lolote. Homa yenye maumivu makali ya kichwa, usaha au damu sikioni, kusikia kulikopotea ghafla, au uso uliopinda upande mmoja: acha mazoezi na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu kuogelea hatuna mzaha. Mtoto ambaye kiungo cha usawa kimeharibika katika masikio yote mawili, akizama, anaweza asijue juu ni wapi. Asiingie majini bila mtu mzima wa kumfikia kwa mkono.

Tunaomba kliniki za masikio jijini ziandike kwenye kitabu cha mtoto jina la zoezi, sekunde, mara ngapi kwa siku, na tarehe ya kurudi ili kipimo kiongezwe.

Wataalamu wa fiziotherapia ya watoto,
Nairobi